Jora Moja, Miezi Minane: Jinsi ya Kupanga Mradi wa Mwisho wa Usanifu wa Nguo

Siku tisa kabla ya kutetea mradi wangu wa shahada nilianika kambani vipande kumi na viwili vya marekani. Nilikuwa nimevipiga chapa kwa wiki mbili, na siku hiyo ndiyo nilivifua kwa mara ya kwanza. Kila kipande nilikikata sentimita 150 kwa 110, kipimo cha kanga. Vilipokauka nikapima tena: urefu 141, upana 108. Kitambaa kilikuwa kimerudi zaidi upande wa mtande kuliko upande wa mshindio, kwa hiyo miduara niliyoichora katikati ya mji, ile sehemu ya ndani ya pindo la kanga, ilikuwa imebonyea ikawa na umbo la yai. Pale ambapo wanga wa kiwandani ulikuwa mzito, rangi ilibanduka kwa magamba, kwa kuwa ilishika wanga badala ya kushika pamba.

Kufua marekani na kutoa wanga kabla ya kupiga chapa ni kazi ya siku moja. Siku hiyo haikuwamo kwenye ratiba yangu, na naijua sababu: ratiba niliitunga nikiwa na penseli mkononi, kabla sijashika kitambaa. Niliandika wiki za utafiti, za kuchora, za utekelezaji, za kuandika ripoti. Hakuna mahali nilipoandika kufua, kukausha, kusubiri, kurudia.

Leo nami ni miongoni mwa wanaosimamia miradi ya namna hiyo, na kila mwaka naliona kosa hilo likirudi kwa sura nyingine. Tunapenda kusema mwanafunzi fulani alikosa ubunifu. Mara nyingi si kweli. Daftari lake la michoro limejaa, jicho lake ni zuri, na swali alilolichagua lina maana. Kilichomwangusha ni kupanga kazi ya kitambaa kana kwamba ni kazi ya karatasi. Karatasi hungoja. Kitambaa kina saa zake, na rangi ina saa zake, na hali ya hewa haijui tarehe ya mtihani.

Nianze na swali la mradi, maana huko ndiko muda unakoanza kuvuja bila mtu kujua. Pendekezo la kawaida linaloletwa mezani husomeka hivi: kubuni nguo za kisasa zinazoakisi utamaduni wa Mtanzania. Halina mtumiaji, halina mahali, halina kazi ambayo nguo itafanya, kwa hiyo halina njia ya kujua lini limejibiwa. Mwanafunzi wa pendekezo hilo atachora mpaka Aprili, kwa sababu hakuna kinachomwambia basi, inatosha. Linganisha na hili: kanga ya kubebea mtoto mgongoni, itakayolowa mate, maziwa na jasho, ifuliwe mara kwa mara kwa sabuni ya mche na kuanikwa juani. Sasa kuna mambo ya kupima. Rangi ichuje kiasi gani? Mji uchorwe vipi ili usipotee pale kitambaa kinapofungwa fundo kifuani? Jina, yaani maneno ya kanga, liandikwe wapi iwapo sehemu kubwa ya kanga imekunjwa? Swali dogo namna hii halimpunguzii mbunifu heshima. Linampa ukuta wa kuegemea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali na kwetu, lakini ni mradi wa mwisho wa shule hasa. Anni Albers alipata stashahada yake ya Bauhaus, Ujerumani, mwaka 1930. Kazi aliyoitoa ilikuwa kitambaa cha kufunika kuta za ukumbi wa mikutano wa shule ya vyama vya wafanyakazi kule Bernau, jengo lililosanifiwa na Hannes Meyer. Ukumbi ulikuwa na mwangwi. Anni alifuma kitambaa chenye sura mbili: upande wa nyuma nyuzi za manyoya ziitwazo shenili za kumeza sauti, upande wa mbele selofeni ya kurudisha mwanga. Kampuni ya Zeiss Ikon ikakipima jinsi kinavyoakisi mwanga. Tazama mradi ulivyobanwa: jengo moja, ukumbi mmoja, kasoro moja inayosikika, kazi mbili za kitambaa, na kipimo kutoka nje ya shule. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1933, alihamia Marekani kufundisha Black Mountain College, na kitambaa hicho kilikuwa sehemu ya sifa iliyomtangulia. Simtaji ili wanafunzi wetu wafanane naye. Namtaja kwa sababu ukisoma masharti ya kazi ile unaona kwamba ratiba ilikuwa imejificha ndani ya swali lenyewe: pima ukumbi, jaribu nyuzi, fuma kipande, kipeleke kipimwe, fuma kamili.

Swali likishapatikana, watu hukimbilia kompyuta. Sina ugomvi na kompyuta. Inasaidia sana kupanga mchoro unaojirudia, kuona kama maungio yanakutana, na kutenganisha rangi ili kila moja ipate fremu yake ya wavu. Tatizo ni kwamba kioo hutoa mwanga na kitambaa hakitoi. Bluu inayong'aa kwenye kioo itakuja kulala juu ya marekani yenye rangi ya maziwa mgando, nayo itafifia. Pia kwenye kioo kila kitu kina ukubwa wa kiganja. Ninachowaomba wanafunzi wangu ni kuchapa mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, kuzigundisha karatasi, kuzitundika ukutani, kisha kurudi nyuma hatua sita. Kanga husomwa kwa mbali kabla haijasomwa kwa karibu. Wengi huona siku hiyo hiyo kwamba pindo limeumeza mji, au kwamba herufi za jina ni nyembamba mno.

Herufi nyembamba zinanikumbusha mzee mmoja fundi wa fremu, Kariakoo, niliyempelekea mchoro wangu. Aliuweka juu ya wavu, akainama, akapitisha ukucha kwenye mstari mmoja.

"Binti, huu mstari ni mwembamba kuliko tundu la wavu. Utanilipa, nitakuchomea, halafu hutauona."

"Nifanyeje, mzee?"

"Unenepeshe. Au nikutafutie wavu wa tundu dogo, lakini hapo rangi yako iwe laini, isizibe."

Katika sentensi hizo chache mlikuwa na somo la nusu muhula. Mchoro, wavu na uzito wa rangi ni kitu kimoja. Ukibadili kimoja, viwili vingine navyo hubadilika. Ndiyo maana ninasisitiza fundi atembelewe mwezi wa pili wa mradi, mchoro ukiwa bado wa penseli. Wengi huenda kwake mwezi wa sita, wakati ambao jibu lake haliwezi tena kubadilisha chochote ila kumtia mtu homa.

Sasa hesabu. Tuchukue mradi wa kawaida wa doti sita za kanga kwa rangi tatu, unaopigwa chapa kwa mkono. Doti sita ni vipande 12, na kila kipande ni mita 1.5: mita 18. Kitambaa kikirudi kwa asilimia 5 unahitaji kama mita 19 kabla ya kufua. Weka mita 2 za vipande vitakavyoharibika, maana vitaharibika. Weka mita 4 za sampuli. Umefika mita 25. Jora la yadi 30 lina mita 27 na kitu. Kwa hiyo jora moja linatosha, na linakuachia kipande cha kushonea mfuko. Mwanafunzi asiyepiga hesabu hii hununua mita 18 Januari na kurudi dukani Mei kutafuta mita 7 zaidi. Dukani marekani ile haipo; iliyopo imetoka jora jingine, nyeupe zaidi, ya uzi mwembamba, na rangi inakaa juu yake kwa namna tofauti kabisa. Nunua jora zima siku moja, lifue lote kwa mpigo mmoja, uliandike tarehe.

Rangi nayo ina hesabu yake. Ukitengeneza uji wa rangi ya pigimenti kwa gramu 30 za rangi katika kila kilo, andika gramu 30. Usiandike kijiko. Mwanafunzi akikadiria kwa kijiko, ndoo ya kwanza itapendeza, ndoo ya pili haitafanana nayo, na doti moja itakuwa na kanga mbili zenye wekundu tofauti. Pigimenti inahitaji joto ili ishike, kama nyuzi 150 za sentigredi kwa dakika kadhaa. Pasi ya nyumbani inaweza kufanya kazi hiyo, lakini kipande kizima cha kanga kwa pasi ni kazi ya kuchosha ambayo haimo katika ratiba ya mtu yeyote niliyewahi kuisoma. Rangi za riaktivu hutaka magadi na mvuke, halafu kusuuzwa mpaka maji yawe meupe, jambo linalomaanisha maji mengi siku ambayo bomba linatoka. Anayefanya batiki kwa rangi za kostiki na haidrosalfaiti lazima ahesabu glavu, hewa ya kutosha, na siku nzima ya kuchemsha nta itoke. Kila njia ina siku zake zilizofichika, na kuchagua njia ya rangi ni kuchagua kalenda.

Wako wanaotoroka fremu kwa kwenda kwenye mashine za dijitali. Ni njia halali, na kwa mchoro wenye rangi nyingi inaweza kuwa ndiyo pekee inayowezekana. Ila maduka mengi ya mtaani yanachapa kwa sablimesheni, na rangi ya sablimesheni hushika poliesta. Kwenye pamba huosheka. Nimeona mradi ulioandikwa kurasa arobaini kuhusu pamba ya Shinyanga ukaishia kuchapwa kwenye poliesta, kwa kuwa mwanafunzi aligundua jambo hilo akiwa kaunta wiki tatu kabla ya maonyesho. Ripoti ilisema pamba, nguo ilisema vingine, na watahini walikuwa na vidole.

Kwa wafumaji nitasema kwa ufupi. Kitambaa cha upana wa sentimita 60 chenye nyuzi 12 kwa kila sentimita kina nyuzi 720 za mtande, na kila mmoja unapitishwa kwa mkono kwenye kitanzi chake, kisha kwenye chanuo la kitanda cha mfumi. Ukikosea wa 300, unarudi mpaka 300. Siku ya kwanza ya kufuma haiji mpaka kazi hiyo iishe, na sentimita kadhaa za mtande mwanzoni na mwishoni hupotea bila kufumika. Panga wiki nzima ya kutanda, usione aibu.

Ninachokisisitiza zaidi ya yote ni masika. Mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba na kuishia karibu na Julai. Mwanafunzi akipanga kuanzia mwanzo kwenda mwisho, kama tulivyozoea, utafiti unachukua muhula wa kwanza, kuchora kunachukua Februari na Machi, na chapa inaangukia Aprili na Mei. Katika ukanda wa pwani, hiyo ndiyo miezi ya mvua. Meza inayochukua vipande vitatu inahitaji mizunguko minne kwa vipande 12, na katika kila mzunguko rangi ya kwanza lazima ikauke kabla ya ya pili, na ya pili kabla ya ya tatu. Jua likiwaka, mzunguko mmoja huisha kwa siku. Mvua ikinyesha na hewa ikawa nzito, ni siku mbili, wakati mwingine tatu, na dawa iliyopakwa kwenye fremu nayo inachelewa kukauka ikawa laini, ikapasuka katikati ya kazi. Umeme ukikatika, feni ya kukaushia imekwisha.

Ongeza jambo la pili. Katika miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Kadiri Idd inavyokaribia, mafundi cherehani wanajaa kazi, wapiga chapa wanajaa kazi, na mwanafunzi mwenye vipande 12 anasubiri nyuma ya mteja mwenye mia. Si ubaya wao; ni msimu wao wa kula.

Kwa hiyo nimeacha kupanga kutoka mwanzo. Ninapanga kutoka siku ya kutundika, nikirudi nyuma, na ninauruka msimu wa mvua. Michoro ifungwe mwisho wa Januari. Fremu zitengenezwe kabla ya mafundi kuzidiwa. Chapa kamili ipigwe Februari na mwanzo wa Machi, wakati jua la kaskazi bado linaunguza paa. Masika yakianza, nguo ziko ndani zimekunjwa, na mwanafunzi amekaa mezani anaandika ripoti, anajaribu uimara wa rangi, anashona. Mvua haimdhuru anayeandika.

Wenzangu wengine hawakubaliani nami. Wanasema kufunga michoro Januari ni kumbana mbunifu kabla mawazo hayajaiva, na kwamba kazi nzuri huja mwishoni, mtu anapokuwa ameujua mchoro wake kwa muda mrefu. Hoja hiyo naiheshimu, na kuna ukweli ndani yake: michoro ya Machi mara nyingi ni bora kuliko ya Januari. Lakini ubora ule hutokana na kujaribu kitambaani, hautokani na kungoja. Aliyepiga chapa sampuli ishirini ndogo kufikia Krismasi anajua mambo ambayo aliyechora karatasi mia hayajui. Mpe mtu huyo nafasi ya kurekebisha mchoro mmoja Machi, kwa kuwa meza iko wazi. Asiye na sampuli hana cha kurekebisha.

Wafanyabiashara wa kanga walijua tangu zamani kwamba lazima wapange mapema. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo kanga zake zinajulikana kwa jina la Mali ya Abdulla, lina historia inayoanzia 1887, na kwa miongo mingi kanga zilizouzwa mwambao huu zilichapwa ng'ambo: Uholanzi, Uingereza, Uhindi, baadaye Japani. Mchoro na jina vilitoka huku, vikasafiri kwa meli, na doti zikarudi baada ya miezi. Mtu aliyeagiza hivyo alilazimika kujua leo wanawake watataka nini msimu ujao, na kuandika maelezo ambayo mchapaji asiyejua Kiswahili angeweza kuyafuata bila kuuliza. Herufi iliyokosewa ilirudi imekosewa kwenye maelfu ya vipande. Mwanafunzi anayemwandikia fundi maelezo kwa ujumbe wa simu wenye maneno manne angejifunza mengi kwa kuwafikiria wale.

Kuhusu msimamizi, nasema kama mmoja wao: tuleteeni kitambaa. Mwanafunzi anayekuja na maneno, "Mwalimu, nimefika mbali, nafikiria kubadilisha rangi kidogo," hanipi chochote cha kushika, nami nitamjibu kwa maneno, na sote tutaachana tukidhani tumefanya kazi. Anayekuja na vipande vitano, hata vibovu, ataondoka na uamuzi. Na uamuzi huo auandike mbele yangu na tarehe, kwa kuwa sisi nasi tunasahau. Nimewahi kumwambia mwanafunzi Novemba apunguze rangi, nikamwuliza Aprili kwa nini rangi ni chache. Alikuwa na daftari. Aliponionyesha niliomba radhi, na alikuwa na haki ya kuombwa.

Daftari hilo ndilo nusu ya mradi, ingawa watu hulichukulia kama mabaki. Kila sampuli ibandikwe na kando yake paandikwe kitambaa gani, kimefuliwa au hakijafuliwa, gramu ngapi, joto kiasi gani, dakika ngapi, hali ya hewa ya siku hiyo. Kuhusu uimara wa rangi inapofuliwa, maabara hutumia mizani ya 1 hadi 5, ambapo 5 ni rangi isiyobadilika kabisa. Asiye na maabara anaweza kufanya jaribio lenye maana kwa kushonea kitambaa cheupe cha pamba pembeni mwa sampuli, kuvifua pamoja mara tano, kisha kuvibandika vyote daftarini vikiwa vimekauka. Cheupe kikiwa cheupe, unalo jibu la kumwonyesha mtahini. Kikiwa cha waridi, unalo pia, na ripoti inayoeleza kwa nini kiligeuka waridi ina uzito kuliko ile inayokificha.

Wiki ya maonyesho yenyewe ni ya mambo madogo. Kitambaa kilichokunjwa miezi miwili kina mikunjo, na kupiga pasi vipande 12 ni nusu siku. Fimbo za kutundikia ziwe na urefu uliopimwa mapema. Taa za ukumbi zikiwa za njano, nyeupe yako itaonekana krimu. Nenda ukumbini siku moja kabla na kipande kimoja mkononi. Acha doti moja mezani, isitundikwe, ili watu waishike. Mtahini wa nguo hufanya mambo matatu kabla hajasoma neno: anasogea, anapindua kitambaa kuona mgongo wake, anakisugua kwa kidole gumba.

Kisha kuna wiki ambayo haimo katika ratiba yoyote niliyopewa kusaini, ile inayofuata mtihani. Fremu huachwa kwenye korido, dawa ikakauka juu yake ikawa haitoki tena, na wavu mzuri ukatupwa. Doti bora zinagawiwa shangazi na mama wadogo kabla hazijapigwa picha. Mwezi mmoja baadaye mtu mwenye duka anauliza kama anaweza kupata doti hamsini za mchoro ule wa bluu, na mwanafunzi hana fremu, hana fomula, hana hata picha. Sasa ninaiandika wiki hiyo mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, chini ya ratiba ya kila mmoja wao: osha fremu, piga picha mchana kwenye kivuli, nakili fomula kwenye ukurasa mmoja, kata kipande cha kiganja kutoka kila doti ukihifadhi. Kipande changu cha mwaka ule bado ninacho, kikiwa na alama za penseli pembeni: 150 imekatwa mstari, chini yake 141.